Sura ya Mpiga Nanga

Neno moja huweza kuishi maisha mawili. Sisi watu wa pwani tukisikia nanga, fikra zetu huteremka chini ya maji: chuma kizito, amari iliyokazwa, chombo kilichotulia kikingoja kusi igeuke kaskazi. Lakini msomaji akijaaliwa kusafiri hadi upande wa pili wa nchi, akafika Kagera kwa Wahaya na Wanyambo, atalikuta neno hilo hilo limekaa mapajani mwa mzee, likitoa sauti. Huko nanga ni ala ya muziki: ubao uliochimbwa mfano wa chano, na juu yake umepitishwa uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi mara saba au nane, mpaka uzi mmoja ukawa nyuzi nyingi. Na akivuka mpaka akaingia Buganda, atakuta jina hilo limepewa kinubi cha baraza la Kabaka. Mimi niliyezaliwa kisiwani, ambaye nanga ya kwanza niliyoijua ilikuwa ya mashua, nilikutana na nanga ya pili nikiwa nimekwisha kuota mvi, nayo ikanishika kuliko ile ya kwanza.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa ualimu. Mapenzi yangu, tangu ujanani, ni kuchora sura za wanamuziki kwa kalamu na wino. Sitaji rangi, kwa sababu sina haja nazo. Natumia kalamu ya kuchovya yenye nibu ya chuma, kichupa cha wino mweusi, na karatasi nzito isiyonywa maji upesi. Anayechora kwa risasi anaweza kujuta na kufuta. Anayechora kwa wino hana mlango wa kurudia. Kivuli hakipakwi, bali hujengwa kwa mistari: mistari sambamba kwa kivuli chepesi, mistari ya kupishana kwa kivuli kizito, na weupe wa karatasi wenyewe ndio mwanga. Kwa hiyo shavu la mtu, ukilitazama kwa karibu, si shavu tena, ni shamba lililopigwa matuta. Nadhani sisi wa pwani tuna haki ya kuuita wino jamaa yetu. Kabla nibu za chuma hazijaletwa, waandishi wetu walichonga kalamu za tete, na kwa kalamu hizo ndipo tenzi zetu zilipovuka karne hata zikatufikia, kama ulivyotufikia Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728.

Nilianza na mabwana wa Ulaya, kwa sababu wao ndio waliokuwa na sura vitabuni. Nilimchora Bach kutokana na ile picha mashuhuri ya Elias Gottlob Haussmann ya mwaka 1746, ambamo mtunzi amevaa nywele za bandia na kushika karatasi ndogo yenye nota za utungo wa sauti sita, kama mtu anayesema: usinitazame mimi, tazama hiki. Nilimchora Mozart kutokana na picha ya shemeji yake, Joseph Lange, ambayo haikumalizwa, na nikajifunza kwamba sura isiyokwisha huweza kuwa hai kuliko iliyokwisha. Nilimchora Beethoven kwa kuyafuata makunyanzi yaliyonaswa na Franz Klein mwaka 1812, alipompaka mtunzi huyo plasta usoni ili apate umbo lake.

Baadaye nikarudi nyumbani. Nikawachora wapiga udi, wapiga kanuni na wapiga fidla wa taarabu, wa vikundi vya Unguja ambavyo mama yao, Ikhwani Safaa, ilianzishwa mwaka 1905. Nikamchora Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950, mwanamke aliyepelekwa Bombay mwaka 1928 kuitia sauti yake katika santuri. Kwa sura yake tuna picha chache mno. Lakini yuko mwenye kalamu aliyetutangulia sote: Shaaban Robert, kwa kuandika Wasifu wa Siti binti Saad, alimchora kwa wino bila ya kuchora mstari hata mmoja wa uso wake. Mara nyingi nikiitazama kazi yangu ya Siti, husema moyoni kuwa ile ya maneno ndiyo iliyotimia.

Watu waliniuliza, na wengine kwa kejeli, ni kipi kinachoniwezesha kumweka Mjerumani wa kanisani katika daftari moja na mpiga kanuni wa Unguja. Jibu langu ni neno tulilolizoea pwani: silsila. Kwangu mimi muziki uliotukuka si muziki wa watu wa nchi fulani, wala si muziki wa ukumbi wenye viti vya mahameli. Ni muziki wenye silsila, ambao mwanafunzi hawezi kuupata kwa kusikia tu, bali hukaa chini ya mwalimu mpaka vidole vyake vitii. Na akiulizwa, humtaja mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake. Palipo na silsila, hapo pana darasa, na palipo na darasa, hapo pana jambo la kuchorwa.

Ndipo nikakutana na kitabu cha Mskoti mmoja, James Augustus Grant. Yeye na mwenzake, John Hanning Speke, waliingia Karagwe mwezi Novemba 1861 wakitafuta chanzo cha mto Naili, wakapokewa kwa ukarimu na mfalme Rumanyika. Speke akaendelea na safari mwanzoni mwa mwaka 1862. Grant alikuwa na kidonda kibaya cha mguu, hakuweza kwenda, akabaki Karagwe mpaka mwezi Aprili. Alikuwa mtu wa kalamu na brashi. Kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kilipambwa kwa picha zilizochongwa, nyingi kutokana na michoro yake. Na mtu asiyeweza kutembea hana la kufanya ila kutazama na kusikiliza.

Katika kitabu chake mwenyewe, kilichotoka mwaka 1864, Grant anaieleza nanga kwa makini ya fundi: mti wake mweusi na mzito, urefu na upana wake, uzi wake upitao mara saba au nane, na kibuyu ambacho pengine hufungwa nyuma ili sauti ikue. Alizipima hata nyuzi, akaona kuwa katika nanga moja yenye nyuzi saba, sita zilipangika ngazi kamili. Kisha anasimulia kuwa Nnanaji, ndugu yake mfalme, alimpelekea mpigaji bora aliyemjua. Mtu huyo aliingia bila ya kupiga hodi, akauegemeza mkuki wake kwenye paa la kibanda, akaitoa nanga kwapani, akaketi juu ya mkeka. Aligeuza uso pembeni, hakutabasamu hata mara moja, akaimba kwa upole wimbo wa mbwa wake kipenzi. Watu walikusanyika, na kwa siku kadhaa baada ya hapo wimbo wa mbwa ukawa midomoni mwa kila mtu.

Nilipousoma ukurasa ule nilichukua kalamu hapo hapo, kwani sijapata kuona maelezo ya mwanamuziki yaliyo tayari kuchorwa kama hayo. Mkuki upo. Mkeka upo. Uso uliogeuka upo. Lakini mchoraji hupenda kuandika jina chini ya kazi yake, nami nikarudi kulitafuta jina. Halimo. Jina la mbwa limo: Keeromba, kwa maandishi ya Grant. Jina la mwana wa mfalme limo. Limo hata jina la bibi mmoja aliyekuja kupiga nanga baadaye, ambaye Grant hakupendezwa naye akambeza kwa maneno machache. Mpigaji bora wa Karagwe peke yake ndiye asiye na jina.

Sisemi haya ili kumshitaki Grant. Bila ya yeye hata mkuki tusingeupata. Nasema kwa sababu katika mila yetu ya pwani jambo hilo ni la kushitusha. Mtunzi wa utenzi, anapofika mwisho wa kazi yake, hujitaja jina, na aghalabu hutaja na tarehe aliyoikamilisha, ili msomaji ajue amwombee nani dua. Kazi isiyo na jina tunaisoma kwa masikitiko, kama kaburi lisilo na alama. Nikaifunga kalamu. Sikumchora.

Miaka kadhaa ilipita. Rafiki yangu mmoja, tuliyefundisha naye kisiwani kwa muda mrefu, alikuwa mzaliwa wa Nyakatuntu, na alipostaafu alirudi kwao. Mwaka 2018 akanialika. Nyakatuntu ilikuwa ikihesabiwa katika Wilaya ya Karagwe, mpaka mwaka 2012 Kyerwa ilipokatwa kuwa wilaya ya peke yake. Lakini wazee wa huko, ukiwauliza nchi yao, bado husema Karagwe. Nilivuka bahari, kisha bara yote kwa basi, nikafika Bukoba. Kutoka Bukoba unakwenda hadi Kyaka, pale ambapo daraja la mto Kagera lilivunjwa katika uvamizi wa Idi Amin mwaka 1978. Unaiacha njia iendayo Mutukula, unapanda milima. Migomba haina mwisho, na chini ya migomba iko mibuni. Sisi tuliozoea upeo wa bahari ulionyooka kama uzi, tukiyaona macho yetu yakipanda na kushuka na vilima, huhisi kama tuko chomboni siku ya mawimbi, ila mawimbi hayaendi.

Rafiki yangu alikuwa ameniandalia zawadi bila ya kunieleza. Siku ya tatu alinichukua kwa mzee mmoja, jirani wa ukoo wao, aliyekuwa miongoni mwa wachache waliobaki wenye kuijua nanga. Mzee alitukaribisha ndani, tukapewa buni za kutafuna, kama ilivyo heshima ya huko kwa mgeni. Nilimwamkia shikamoo, nikamwita babu ingawa umri wetu haukupishana sana, naye akaniita mwalimu kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyotambulishwa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, chenye mapigo ya Kinyambo ndani yake.

Nilimpa daftari langu alitazame. Aliligeuza ukurasa baada ya ukurasa, taratibu, kama mtu anayehesabu fedha za mwenziwe. Alipofika kwa Bach akasimama.

“Huyu nani?”

“Mjerumani, babu. Alifariki mwaka 1750.”

“Ameshika karatasi. Chombo chake kiko wapi?”

Nikamwambia kuwa mchoraji wa kwanza hakukiweka chombo. Ile karatasi ndiyo muziki wake. Akatafakari, akakubali. Kisha akauliza swali ambalo katika miaka yote ya kuchora sikupata kuulizwa na mtu yeyote:

“Na mwalimu wake yuko ukurasa gani?”

Nikamweleza ninayoyajua: kwamba Bach alifiwa na wazazi wote wawili kabla ya kufika umri wa kubaleghe, akalelewa na kaka yake mkubwa, Johann Christoph, ambaye ndiye aliyemfundisha kinanda. Katika daftari hayumo. Mzee akalifunga daftari, akaliweka juu ya mkeka, akasema: “Basi mimi usinichore. Mchore mwalimu wangu.”

Mwalimu wake alikufa zamani. Alikuwa mtu wa kuitwa kwenye nyumba za wakubwa, enzi za machifu, kabla uchifu haujafutwa Tanganyika mwaka 1963. Hakupigwa picha hata moja maishani mwake. Hakuna aliyemrekodi. Mzee wangu alikaa kwake tangu utotoni, akimchungia ng'ombe mchana na kujifunza nyuzi usiku. Sasa waliomjua kwa macho walikuwa wamebaki watatu au wanne, na mzee alitaka kabla hawajaondoka sura ile iwekwe mahali. Alikuwa amesikia kutoka kwa rafiki yangu kwamba mimi huchora watu waliokufa. Na kwa kweli, kati ya hao aliowaona katika daftari, walio hai walikuwa wachache.

Watu wa nyumbani wakaitwa. Kila mmoja akaeleza. Alikuwa na uso mpana, alisema mmoja. La, mwembamba, alisema mwingine, upana huo ni wa mdogo wake. Ndevu alikuwa nazo. Hakuwa nazo ila mwishoni. Mzee mwenyewe alifumba macho akasema jambo moja tu: “Alikuwa na paji la uso la mtu anayesikiliza.” Nikaandika maneno hayo, na mpaka leo sijui yachorwe vipi.

Usiku ule mimi na rafiki yangu tulibishana. Yeye alisema: “Mchoree. Umesikia paji la uso, umesikia macho, unganisha. Hawa hawana kitu. Mtu mwenye picha mia na mtu asiye na hata moja hawawezi kuhukumiwa kwa sheria moja.” Hoja yake haikuwa nyepesi. Katika vitabu vya muziki wa Ulaya zimejaa sura za watunzi wa kale zilizochorwa na watu ambao hawakuwaona, na hakuna aliyedhurika. Tena ningeweza. Mkono wangu una ustadi wa kutosha kumtengeneza mzee mwenye heshima, mwenye mkuki nyuma yake, ambaye nyumba ile yote ingemkubali kwa machozi.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Wino haufutiki, na sura iliyochorwa vizuri hushinda kumbukumbu. Wale wazee watatu au wanne walikuwa bado na sura yake ya kweli, kila mmoja kwa kipande chake. Nikiwapa sura niliyoitunga, katika muda wa miezi vipande vyao vitayeyuka ndani ya mchoro wangu. Wajukuu wataapa kuwa babu alikuwa vile. Mtu aliyekaa miaka mingi bila ya picha ningemzika mara ya pili, nikamweka mtu wangu mahali pake. Kwetu pwani ziko nyumba zisizotundika sura ya mtu ukutani, na bibi aliyenilea alikuwa katika watu hao. Sikuwahi kufuata rai yake. Lakini usiku ule, nikiisikia mvua juu ya mabati, nilielewa kwa nini mtu mwenye busara anaweza kuogopa kuumba uso.

Asubuhi nilikwenda kumwambia. Nilisema: “Babu, uso wake sikuuona, na sitaki kumpa uso usio wake.” Hakujibu. Akawa kimya muda mrefu, nami nikajua hakupendezwa. Rafiki yangu akainamisha kichwa. Kisha mzee akanyoosha mkono, akaichukua nanga iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akaanza kupiga.

Nyuzi za nanga yake hazikuwa za kale, zilikuwa za nailoni, ile ile ya kuvulia samaki ninayoijua tangu utoto. Lakini sauti haikuwa ya samaki wala ya bahari. Ilikuwa sauti ndogo, ya karibu, inayomfanya msikilizaji asogee. Sauti ya mwimbaji iliingia kati ya nyuzi kama mtu anayeingia nyumbani kwake usiku bila ya kuwasha taa. Na nilipomtazama, nywele zilinisimama: alikuwa amegeuza uso pembeni. Hakutabasamu. Miaka mia na hamsini na sita ilikuwa imepita tangu Grant alipolala na mguu wake mbovu Bweranyange, jumba la Rumanyika, na mpiga nanga wa Karagwe alikuwa bado anaugeuza uso wake.

Nilimwuliza, alipomaliza, kwa nini anatazama kando. “Ndivyo nilivyofundishwa,” alisema. “Mwalimu alikuwa akisema, ukimtazama mtu, utaimba anachotaka yeye.” Halafu akaunyoosha mkono wa kulia mbele yangu. Kidole gumba kilikuwa kimepinda kwa ndani, na kucha ya kidole cha shahada ilikuwa nene kama ya kobe. “Tazama,” akasema. “Hivi nilivyoviweka vidole, mimi sikuvichagua. Yeye alivishika, akaviweka, nikikosea akavipiga kwa kijiti. Mkono huu si wangu. Mimi nimeuazima.”

Nikatoa kalamu. Kazi ile ilichukua siku mbili. Nilichora mikono miwili juu ya nanga, wa kulia ukikwanyua na wa kushoto ukinyamazisha, mishipa yake, makovu ya jembe, kucha, ule upinde wa gumba. Mikono ni migumu kuliko nyuso. Uso ukiukosea kidogo watu husema umemfanya kijana. Mkono ukiukosea kidogo si mkono tena. Kando ya mikono nikauchora ubao, na nyuzi nikazipitisha kila moja kwa pumzi moja, bila ya kusita, kwa maana mstari mrefu wa wino hauwezi kuungwa. Uso wa mzee niliuweka juu, umegeuka, unaonekana kwa shavu na sikio tu. Nikakumbuka kisa cha Stravinsky, mtunzi wa Kirusi, ambaye mwaka 1917 alizuiliwa na askari wa mpaka huko Chiasso kwa sababu ya mchoro wa mistari aliochorewa na Picasso. Walidhani ni ramani. Alijibu kuwa ni ramani kweli, ya uso wake. Askari hawakukubali. Mimi nikitazama ule mkono wa Nyakatuntu nikaona askari wale hawakukosea sana. Speke na Grant walikuja Karagwe kwa ajili ya ramani ya mto, kumbe njia nyingine ilikuwa pale pale, imechorwa vidoleni, inapanda kutoka kwa mwanafunzi hadi kwa mwalimu hadi kwa wale wasiotajwa.

Ilipokauka nikampa. Aliitazama kwa muda, akaileta karibu na jicho, akaipeleka mbali. Akaita wale waliomjua mwalimu wake. Bibi mmoja, mkongwe kuliko wote, aligusa kile kidole gumba kwenye karatasi, akasema maneno kwa Kinyambo. Rafiki yangu alinitafsiria: “Anasema, huyu ni yeye.” Hakuwa akimaanisha mwenye nyumba.

Kisha mzee akaniomba kalamu. Nilidhani anataka kuitazama. Aliichovya, akaandika chini ya mchoro majina mawili, kwanza la mwalimu, kisha lake, kwa zile herufi kubwa zilizonyooka za mtu aliyejifunza kusoma katika madarasa ya kisomo cha watu wazima. Nibu ilikwaruza, ikarusha matone mawili ya wino. Matone yale sikuyagusa. Nami, kwa kuwa mtu wa kisiwani hawezi kuishi bila ya ubeti, nikaongeza pembeni huu niliokuwa nao kichwani tangu asubuhi:

Nakuweka warakani, japo sauti yaringa,
Uso wauficha ndani, mikono ndiyo malenga,
Jina lako li pembeni, kwa wino nimelipanga,
Asiulize mgeni: nani alopiga nanga?

Aliposomewa akacheka, akasema mashairi yetu yanatembea kwa hatua za kuhesabu, kama askari. Ya kwao hayahesabu. Huendelea kama mtu anayetembea na mwenziwe, akiwa na neno atasema, akiwa hana atapiga nyuzi mpaka neno lije. Tukazungumza juu ya hayo hadi jioni. Aliniimbia kipande cha habari za Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, ambaye malenga wa nanga wamemwimba tangu kale, nami nikamweleza vina na mizani ni nini. Aliona ni kazi nyingi kwa faida ndogo. Sikumbishia sana.

Msomaji atauliza: iwapo makala hii yote ni ya kudai jina, mbona mzee na mwalimu wake sikuwataja? Ni kwa sababu mwenyewe alisema hivi wakati wa kuagana: “Jina langu liko chini ya mkono wangu, na mkono uko nyumbani kwangu. Anayelitaka aje.” Grant hakuliandika jina kwa sababu, nadhani, hakuliuliza. Mimi nimeliuliza, nikapewa, na nikakatazwa kulitembeza. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa. Mtu asiyeulizwa jina amenyimwa. Mtu aliyeliweka jina lake kwake ni tajiri anayejua ufunguo uko wapi. Mchoro wenyewe nao haupo kwangu. Nilirudi na karatasi za mazoezi tu, vidole bila ya nyuzi na nyuzi bila ya vidole.

Si wote waliokosa mwandishi. Habibu Selemani, malenga mkubwa wa nanga wa Kagera aliyefariki mwaka 1993, alipata bahati ya kusikilizwa na Profesa M. M. Mulokozi, naye ni mshairi, aliyezinukuu tenzi zake na mwaka 1997 akamwandikia makala ya maisha yake, akimwita wa mwisho wa malenga. Neno “wa mwisho” ni zito, na kila nikilisoma huomba lisiwe kweli kabisa. Nyakatuntu niliona mjukuu wa miaka kumi na mmoja akiichukua nanga babu alipotoka nje. Alipiga vibaya. Lakini gumba lake, kabla hajafundishwa na yeyote kwa fimbo, lilikuwa limeanza kupinda kwa ndani.

Tangu safari ile nimejiwekea desturi mpya. Chini ya kila sura ninayoichora naandika majina mawili: la mwenye sura, na la aliyemfundisha. Chini ya Bach limo la kaka yake. Chini ya baadhi ya wapiga udi wetu wa Unguja nimeweza kupanda ngazi tatu, kwa kuwa wazee wangali wanakumbuka, na naomba wenye kujua zaidi wasilale nayo. Pale nisipopata jina, napiga mstari mtupu wa wino, urefu wa neno moja, ili anayekuja nyuma yangu ajue kuwa pana mtu.

Na yule mpigaji wa mwaka 1862 nimemchora hatimaye. Mkuki umeegemea paa. Mkeka umetandikwa. Nanga iko mapajani, uso umegeuka, unaonekana kwa sikio tu. Na mikono nimemwazima ya mzee wa Nyakatuntu, kwa ruhusa yake. Mbwa amelala mlangoni. Jina la mbwa sikuliandika. Chini ya picha iko mistari miwili mitupu, mmoja wa mwanafunzi na mmoja wa mwalimu, na wino wake umekwisha kukauka.